Oksijeni ya Mirihi si mafuta ya roketi

Habari za safari ya Mirihi zikipamba moto, sentensi ileile huibuka: "NASA wameshatengeneza mafuta ya roketi kule." Bado. Kifaa chao, MOXIE, kilitengeneza oksijeni.

Dhana yenyewe haina makuu. Badala ya kubeba kutoka duniani kila kitu kitakachowarudisha wanaanga, unatanguliza mtambo, unatengeneza sehemu ya mzigo huo kwa malighafi ya hukohuko, na watu hawaondoki mpaka ijulikane kwamba matangi yamejaa. Nafasi nzuri ya kwenda Mirihi hupatikana kila baada ya miezi 26 hivi, kwa hiyo mtambo hauna haraka. Mwaka 1990 wahandisi Robert Zubrin na David Baker walikuja na mpango uliolipa wazo hili umaarufu: peleka tani 6 za haidrojeni, upate zaidi ya tani 100 za methani na oksijeni.

Methani *na* oksijeni. Hapo ndipo watu wanapopita mbio.

Methani ndiyo mafuta. Oksijeni ndiyo inayoyawezesha kuungua. Huku kwetu tofauti hiyo haituumizi kichwa kwa sababu hewa ni ya bure: bodaboda ikiunguza kilo 1 ya petroli inatumia zaidi ya kilo 3 za oksijeni kutoka hewani, na hakuna aliyewahi kuilipia sheli. Roketi haina pa kuivuta. Anga za juu hakuna hewa, na ile ya Mirihi ni nyembamba mno, mgandamizo wake haufiki asilimia 1 ya wa kwetu, tena asilimia 95 yake ni hewa ya ukaa. Basi roketi hubeba vyote viwili, kila kimoja na tangi lake, na la oksijeni ndilo zito. NASA wenyewe wamekadiria kwamba kuwarusha wanaanga wanne kutoka Mirihi kutahitaji tani 7 hivi za mafuta na tani 25 za oksijeni.

Sasa tuje kwenye MOXIE, kile kifaa kilichozua maneno yote haya. Kilikuwa ndani ya gari la utafiti Perseverance, lililotua katika kreta ya Jezero Februari 2021. Kilivuta hewa ya Mirihi, kikaichuja vumbi, kikaigandamiza, kikaipasha joto hadi nyuzi 800 za Selsiasi, kisha kwa umeme kikaipasua hewa ya ukaa: huku oksijeni, huku kaboni monoksidi. Mara ya kwanza, Aprili 2021, kilitoa gramu 5 na ushee. Kilipostaafishwa mwaka 2023, baada ya kuwashwa mara 16, jumla ilikuwa gramu 122. Oksijeni hiyo ilipimwa usafi wake, kisha ikaachiwa itoke. Hakuna tangi lililojazwa.

Mbishi atasema kaboni monoksidi nayo huungua. Ni kweli, ila ni mafuta dhaifu, na MOXIE iliitoa nje kama moshi. Methani isingeweza kuitengeneza hata ingetaka, maana methani inahitaji haidrojeni, na hewa ya ukaa haina. Haidrojeni hiyo itoke duniani, kama walivyopanga Zubrin na Baker, au ichimbwe kwenye barafu ya Mirihi, ambayo ni kazi nyingine kabisa. Ukishaipata, unaichanganya na hewa ya ukaa kwa njia aliyoigundua Mfaransa Paul Sabatier zaidi ya miaka 100 iliyopita, unapata methani na maji. Kemia haina tatizo. Kinachosumbua ni uchimbaji, umeme, na kuziweka gesi hizo katika hali ya kimiminika kwa miezi mingi bila fundi karibu.

Sisemi haya kuidharau MOXIE. Kwa kasi yake ya juu kabisa, gramu 12 kwa saa, ingehitaji zaidi ya miaka 230 kufikisha tani 25, lakini haikutumwa kujaza tangi. Ilitumwa kuonyesha kwamba njia hiyo inafanya kazi kule, na ilionyesha.

Kwa hiyo ukiisimulia tena, sema imetengeneza oksijeni. Na usiishie kwenye "ya kupumulia wanaanga", kama wanavyofanya wengi wakishasahihishwa: wanne hao wakikaa mwaka mzima watapumua kama tani 1 tu, zile 25 ni za roketi.