Sangara Aliyetokwa na Tumbo Mdomoni Hajalishwa Sumu

Malalamiko yamezidi mialoni, kule samaki wanakoshushwa na kuuzwa. Mnunuzi anamkuta sangara ana mfuko mwekundu mdomoni, macho yamemtoka, ubavu umevimba, na papo hapo anatangaza kwamba samaki kavuliwa kwa sumu. Wengine wanasema kajazwa upepo kwa pampu aonekane mnene. Pampu ipi, jamani?

Bondo mnalolipigania kwa bei ndicho kibofu cha hewa, na kwa sangara mkubwa halina tundu la kwenda kooni. Hewa huingia na kutoka kwa njia ya damu, polepole. Akivutwa haraka kutoka mita 30, ambako mgandamizo ni kama mara 4 ya ule wa juu, hewa hutanuka kabla damu haijawahi kuiondoa. Haina pa kutokea, basi inalisukuma tumbo la chakula mpaka linapinduka na kutokeza mdomoni. Ule mfuko mwekundu ni tumbo. Anayeukata akidhani kapata bondo amejidanganya mwenyewe.

Samaki aitwaye ningu ni habari nyingine. Mpasue taratibu, utaona kibofu cheupe kilichobanwa katikati kikawa vyumba viwili. Kwenye chumba cha nyuma, karibu kabisa na pale palipobanwa, unaanza mrija mwembamba kama uzi unaokwenda hadi kooni. Hewa ikizidi, anaicheua kwa njia hiyo. Kamongo ndiye kapita wote: ana mapafu, nayo yanafungukia upande wa chini wa koo.

Hatusemi sumu haitumiki. Inatumika, na Sheria ya Uvuvi ya Tanzania Na. 22 ya 2003 imeipiga marufuku. Ukiwa na shaka ya kweli, usimpasue samaki wala kumwosha. Mweke mzima kwenye barafu, andika jina la mwalo, tarehe, saa na aliyekuuzia, kisha mwone afisa uvuvi au viongozi wa BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi mwaloni) siku hiyohiyo. Uchunguzi ndio utakaosema. Picha ya simu pekee haithibitishi sumu, na kumtangaza mvuvi kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya majibu kunaweza kukuletea kesi wewe.

Na mkishamaliza kubishana juu ya mdomo wa sangara, mpimeni urefu. Akiwa chini ya sentimita 50 ni kosa, tumbo liwe ndani au nje.