Ati kusoma riwaya Kimaksi ni kuhesabu matajiri na maskini?

Kila nikitaja Umaksi, yaani fikra za Karl Marx kuhusu matabaka, tukiongea riwaya na wenzangu hapa Kampala, lazima mtu aseme "aa hizo siasa, mwandishi mwenyewe hata si mkomunisti." Hii dhana inaniudhi kuliko zote. Msimamo wa mwandishi si hoja. Friedrich Engels mwenyewe, mwenzake Marx, mwaka 1888 alimwandikia Margaret Harkness, mwandishi wa Uingereza, akamwambia kadiri maoni ya mwandishi yanavyojificha ndivyo kazi inavyokuwa nzuri, halafu akamtolea mfano wa Balzac, Mfaransa aliyekuwa upande wa wafalme na makabaila, lakini riwaya zake zinaonyesha wazi vile hao makabaila walikuwa wanaporomoka na wenye pesa wanawarithi. Yaani riwaya inaweza kusema kitu ambacho mwenyewe hakutaka kukikubali.

Halafu kuna hii ya kuhesabu, huyu tajiri ni mbaya, huyu maskini ni mzuri, umemaliza. Hapana jamani. Unauliza nani ameshika kitu ambacho wengine hawawezi kuishi bila hicho, na nini kinafanya hali hiyo ionekane ya kawaida tu. Chukua Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ya 1994, siku hizi iko kwa Kiswahili, inaitwa Peponi. Yusuf ana miaka 12, baba yake anadaiwa na mfanyabiashara Aziz, basi mtoto anatolewa rehani ya lile deni akafanye kazi dukani kwa Aziz, na njia nzima anajua anasafiri na ami yake. Ni Khalil, kijana aliyeletwa kwa deni vilevile, ndiye anamwambia huyo si ami yako, mwite seyyid, yaani bwana.

Hapo nilifunga kitabu kwanza. Nilifikiria nyumba zetu, msichana wa kazi anaamka wa kwanza, analala wa mwisho, na anaitwa "dada", na mama mwenye nyumba anawaambia wageni "huyu ni mtoto wetu." Mshahara ukichelewa miezi miwili, hilo neno dada ndilo linamfunga mdomo, manake utamdaije ndugu yako? Sisemi mapenzi hayo ni ya uongo, mara nyingi ni ya kweli kabisa na ndiyo maana yana nguvu. Wahakiki wanaliita hilo itikadi, yaani kile kinachofanya hali ionekane ya kawaida, na ukishaliona kwa Yusuf utaanza kuliona kila mahali watu wanaitana ndugu na mmoja wao peke yake ndiye anaosha vyombo.

Wengine wanasema Afrika hakuna matabaka, kuna makabila na koo tu, matabaka ni mambo ya viwanda vya Ulaya. Na mtu anayasema haya akiwa amekaa Buganda! Mkataba wa 1900 kati ya Waingereza na Buganda uligawa ardhi kwa maili za mraba, neno mailo lilitoka hapo, Kabaka na familia yake na machifu wakapata, na wakulima waliokuwa wanalima palepale wakajikuta ni watu wa kibanja, yaani wapangaji kwenye ardhi ya mwingine, wanaolipa busuulu (kodi ya ardhi) na envujjo (sehemu ya mazao), mpaka 1928 ikatungwa sheria ya kuwekea hayo malipo kikomo. Mwenye mailo na mwenye kibanja wanaweza kuwa wa ukoo mmoja, wanazikana, na bado mmoja ndiye analipa na mwingine analipwa.

Ya mwisho, ati Umaksi unasema kila kitu ni pesa. Engels alishalikataa hilo kwenye barua yake kwa Joseph Bloch, 1890. Soma riwaya ya Kintu ya Jennifer Nansubuga Makumbi. Inaanza na Kamu anauawa na umati Bwaise, mtaa wa maskini hapa Kampala, mwaka 2004, ameitwa mwizi, halafu inaturudisha mpaka 1750 kwenye laana iliyomwangukia Kintu Kidda, mtawala wa Buddu, jimbo la Buganda. Wasomaji wengi wanashika laana tu, na mimi sitaki kuwanyang'anya hiyo laana, ndiyo moyo wa kitabu. Ila Kamu na ndugu zake wote ni uzao wa Kintu na laana ni yao wote, kwa nini basi Bwaise neno moja "mwizi" linatosha kumwua mtu asubuhi asubuhi? Kule Kololo, mtaa wa matajiri, nyuma ya geti na askari wa mlangoni, hilo neno peke yake lingetosha?