Umbali wa anga ni nini, na kwa nini sio sawa na safari yenyewe

Mjomba wangu wa Arua, kaskazini mwa Uganda, anataka kwenda Kisoro kule kusini kwa mambo ya posa ya kijana wake, sasa juzi akafungua simu akaona Arua mpaka Kisoro kwa ndege ni kama kilomita 500, muda saa moja na dakika kumi hivi, basi palepale akawapigia wakwe akawaambia nikitoka asubuhi chakula cha mchana tunakula wote. Nikamwambia mjomba ngoja kwanza, hiyo namba sio safari.

Hiyo 500 ndiyo umbali wa anga. Chukua mpira, weka alama mbili, vuta uzi ukaze kati yake, pale uzi unapolala ndio njia fupi kuliko zote juu ya dunia, maana dunia ni mviringo. Simu inachukua latitudo na longitudo za viwanja viwili vya ndege inapiga hesabu basi, haiulizi kama kuna ndege inapita hapo. Muda nao ni kugawa tu, na mara nyingi wanagawa kwa spidi ya jeti kubwa, kilomita 800 kwa saa, wanaongeza nusu saa ya kupaa na kutua.

Sasa fuata huo uzi. Ukitoka Arua kushuka kusini unaingia Kongo, magharibi ya Ziwa Albert, hiyo ni anga ya watu wengine na inataka ruhusa, ukirudi Uganda unapita ubavuni mwa milima ya Rwenzori ambayo kilele chake ni mita 5,109, alafu Kisoro yenyewe imekaa chini ya mlima Muhabura, mita 4,127. Mi siwezi kumlaumu rubani akizunguka.

Na kwetu ndege za ndani karibu zote zinaanzia Entebbe. Kwa hiyo mjomba atahesabu Arua mpaka Entebbe kama 375, Entebbe mpaka Kisoro kama 335, jumla 710, na sio kwa jeti, ni ndege ndogo ya propela kama Cessna Caravan, tuseme inakwenda 300 kwa saa. Hapo ni masaa mawili na dakika 20 angani tu! Bado kusubiri Entebbe ndege ya pili, na hiyo ndiyo inakula siku. Kwa basi kupitia Kampala ni karibu kilomita 1,000, kwa hiyo ndege bado inasaidia sana.

Muda wa kwenye tiketi nao ni kitu kingine, unaanza ndege ikitoka pale ilipoegeshwa mpaka ikisimama kabisa, hata ile kutambaa kwenye lami imo. Na saa zake ni za kizungu, 08:00 ni saa mbili asubuhi. Ukivuka kwenda Kigali rudisha saa moja nyuma.

Mjomba amewapigia tena wakwe, sasa wanapika cha usiku.