Bawabu wa skrini: programu inayokupokea kabla ya eneo-kazi

Ukiwasha kompyuta yenye Linux au FreeBSD iliyokwisha kupangwa, kwanza unakutana na kisanduku kinachotaka jina na nenosiri. Wengi hudhani kisanduku hicho ni sehemu ya eneo-kazi, iwe GNOME, KDE au Xfce. Sivyo. Ni programu inayojitegemea, iliyoanza kazi kabla eneo-kazi halijakuwapo na itakayobaki hai eneo-kazi likifungwa. Huitwa meneja wa kuingia, au meneja wa skrini. Mimi naiita bawabu, maana kazi yake ndiyo hiyo: kusikia hodi, kumtambua anayebisha, kumfungulia, kisha kukaa mlangoni mpaka atoke.

Hapo kwenye "mpaka atoke" ndipo watu wanapopasahau, na ndipo matatizo mengi yanapotokea.

Mfumo wa madirisha wa X ulizaliwa MIT, Marekani, mwaka 1984, na X11 ikatoka 1987. Mwanzoni hapakuwa na bawabu. Mtu aliingia kwa skrini nyeusi ya maandishi, ndipo akaandika amri ya kuamsha madirisha. Njia hiyo bado ipo, nayo ni `startx`, na kwa kompyuta ya mtu mmoja nyumbani haina ubaya mkubwa. Ila ina tundu moja. Ukifunga skrini kwa nenosiri ukaenda kunywa chai, mjanja anaweza kubonyeza Ctrl+Alt+F1, akarudi kwenye ile skrini ya maandishi uliyoanzia, akakatisha X kwa Ctrl+C, na hapo amebaki na akaunti yako mkononi.

Bawabu wa kwanza, XDM, aliandikwa na Keith Packard akaja na toleo la X11R3 mwaka 1988. Aliyemfanya ahitajike hakuwa yule mjanja wa Ctrl+C. Wakati huo zilikuwa zinaingia sokoni terminali za X, yaani skrini, kibodi na kipanya bila diski, huku programu zote zikiendeshwa kwenye mashine kubwa mahali pengine. Mtu aliyeketi mbele ya terminali kama hiyo hakuwa na pa kuandikia `startx`. Ilibidi mashine kubwa yenyewe imletee kisanduku cha kuingilia kupitia mtandao.

Bawabu hufanya mambo kwa duara. Anaamsha seva ya X (programu inayochora madirisha kwenye skrini), anaonyesha kisanduku, anakagua nenosiri (siku hizi kwa kupitia PAM, sehemu ya mfumo inayothibitisha watumiaji), kisha anaendesha skripti iitwayo Xsession kwa jina lako, si kwa jina la root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Halafu anangoja. Skripti ile ikimalizika, kwake yeye umeondoka. Anafagia, anaanzisha upya, na kisanduku kinarudi.

Tuchukue FreeBSD, kwa kuwa huko kila kiungo kinaonekana kwa macho. Kabla ya yote, hakikisha `startx` inafanya kazi. Usiruke hatua hii: X ikiwa haiwezi kuamka, bawabu atajaribu tena na tena, skrini itamemeteka, nawe hutapata hata nafasi ya kusoma kosa. Ikikubali, sakinisha kwa `pkg install xdm`, fungua faili `/etc/ttys`, utafute mstari huu:

`ttyv8 "/usr/local/bin/xdm -nodaemon" xterm off secure`

Badilisha `off` iwe `on`, hifadhi, kisha ukiwa root andika `kill -HUP 1` ili init, programu mama ya mfumo, isome faili upya. Umemaliza. Kwa kuwa hesabu inaanzia sifuri, ttyv8 ni terminali ya tisa. Ndiyo maana ukienda kwenye maandishi kwa Ctrl+Alt+F1, unarudi kwa Alt+F9.

Sasa bawabu hajui unapenda eneo-kazi gani. Anatazama faili `.xsession` nyumbani kwako. Kwa mtumiaji wa Xfce, mstari mmoja unatosha:

`exec xfce4-session`

Hapa ndipo wageni wengi wanapoanguka. Mtu anaongeza alama ya `&` mwishoni mwa mstari, kama alivyozoea kuanzisha programu nyingine. Alama hiyo inaisukuma programu nyuma, skripti inafika mwisho papo hapo, na bawabu anaamini mgeni ameshaondoka. Unaandika nenosiri sahihi, skrini inapepesa, kisanduku kinarudi. Unaliandika tena, ukidhani umekosea herufi. Hujakosea: umeingizwa na kutolewa ndani ya sekunde moja. Kwenye XDM, ukishaandika nenosiri bonyeza F1 badala ya Enter. Utapewa dirisha moja tu la amri, bila `.xsession` kuguswa, nawe utarekebisha. Faili `.xsession-errors` nayo ina mengi ya kusema, ingawa wachache huifungua.

Ukiona duara hilo hilo kwenye LightDM, bawabu mwingine, na `.xsession` haina tatizo, kagua mambo mawili. La kwanza ni diski iliyojaa. La pili ni faili `.Xauthority`, inayobeba ufunguo ambao programu zako huionyesha seva ya X ili zikubaliwe. Aliyewahi kuendesha `startx` kwa `sudo` huenda aliiacha faili hiyo ikiwa mali ya root, na mwenye nyumba sasa hawezi kuiandika. Nenda kwenye skrini ya maandishi, rudisha umiliki kwa `chown`, ujaribu tena.

Mabawabu wengine wanatofautiana zaidi kwa mavazi kuliko kwa kazi. GDM ni wa GNOME, SDDM alichukua nafasi ya KDM upande wa KDE, na Ubuntu ilitumia LightDM kuanzia toleo la 11.10 hadi iliporejea GDM katika 17.10. Hawa wa sasa wanakupa orodha ya kuchagua eneo-kazi, na GDM na SDDM wanaweza kukupeleka Wayland, mfumo mpya zaidi wa madirisha, badala ya X. Kwenye Debian unaweza kuwasakinisha wawili, lakini wa zamu ni mmoja. Amri ya `dpkg-reconfigure` ikifuatwa na jina la mmojawapo, kwa mfano `gdm3`, inakuuliza ni nani.

Ule uwezo wa XDM wa kupokea wageni kupitia mtandao bado upo, kwa itifaki ya XDMCP kwenye mlango wa UDP 177. Haufichi chochote: nenosiri linapita waya likiwa wazi kama barua isiyo na bahasha. Ndani ya `xdm-config` kuna mstari `DisplayManager.requestPort: 0` unaouzima. Uache ulivyo, na ukitaka kufika kwenye mashine yako kutoka mbali, pitia SSH, inayoficha mawasiliano yako.