Beetle ikigoma kupiga stata, tazama waya wa ethi kwanza

Mzee mmoja aliniletea Volkswagen Beetle yake ya 1969 ikivutwa kwa kamba. "Fundi, nimenunua betri mpya, nikabadilishiwa na stata, na bado inalia tik tu." Sikufungua kitu. Nilimwomba awashe taa kubwa kisha apige stata. Taa zilipungua kidogo mno. Betri ikichoka, taa hufa pale stata inapovuta. Hapa stata haikuwa ikivuta, kwa hiyo umeme ulikwama mahali.

Umeme unaokwenda stata lazima urudi kwenye betri. Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma, na hasi yake imefungwa kwenye bodi palepale. Lakini stata imefungwa kwenye gia boksi, na gia boksi na injini vimekalia raba, nayo raba haipitishi umeme. Kinachounganisha pande hizo mbili ni utepe mfupi wa shaba iliyosukwa, kutoka pua ya gia boksi hadi kwenye bodi. Huo ndio waya wa ethi wa injini. Ukikosekana, umeme hulazimisha njia kwenye kebo ya klachi na waya wa eksileta. Nimeshawahi kushika kebo ya klachi baada ya stata kupigwa mara tano, nikautoa mkono mbio. Baadaye kebo hukatika, na mwenye gari hulaumu kebo.

Tena si lazima utepe ukatike. Stata huvuta ampea kama 150. Kutu yenye ukinzani wa omu 0.02 tu inakula volti 3, na betri nzima ina 12.

Kupima ni rahisi. Weka multimita kwenye volti za DC, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha gia boksi, mwenzako apige stata. Mimi sikubali zaidi ya volti 0.5. Ya mzee ilisoma 10. Huna mita? Unganisha hasi ya betri na gia boksi kwa waya mnene wa kuazimia chaji. Stata ikizunguka, umeshapata ugonjwa.

Nilitoa waya wa hasi wa betri, nikainua gari juu ya stendi (jeki peke yake usiiamini), nikaingia chini. Rangi mpya, safi kabisa, ilikuwa imepakwa kwenye bodi na utepe ukafungwa juu yake. Tena chumvi ya hapa Mombasa ilikuwa imeacha unga wa kijani kwenye shaba. Nilikwangua kwa msasa sehemu ya ukubwa wa shilingi ishirini mpaka chuma kikang'aa, upande wa bodi na wa gia boksi pia. Nikafunga utepe mpya wa milimita 25 za mraba kwa washa ya meno, nikauachia ulegevu kidogo kwa sababu injini hutikisika, kisha nikapaka gresi juu. Gresi huja baada ya kukaza. Waya mwembamba wa taa usiuweke hapo kamwe.

Kabla ya kurudisha kiti nilihakikisha kifuniko cha betri kipo, maana springi za kiti zikigusa nguzo za betri gari linaweza kuungua.

Mita ilisoma 0.2. Stata ya zamani niliijaribu mezani, ikazunguka vizuri. Nikaifuta vumbi nikamwekea mzee kwenye buti la mbele.