Je, kusafisha utumbo hukinga saratani ya kongosho?

Wapo wanaoamini kwamba saratani ya kongosho husababishwa na bakteria wabaya wa tumboni, na kwamba anayesafisha utumbo mara kwa mara huwa amejikinga. Imani hiyo haikuzuka hewani: bakteria wamepatikana ndani ya uvimbe wa saratani hiyo, na baadhi yao, katika majaribio ya maabara, waliweza kuivunjavunja gemsitabini, mojawapo ya dawa zinazoitibu. Hata hivyo, kuwapo kwao hakuthibitishi kwamba ndio walioianzisha.

Ushahidi ulio imara zaidi unahusu uvutaji wa sigara, unene uliopindukia, kisukari cha aina ya 2 cha muda mrefu na kuvimba kwa kongosho kusikoisha. Tena, kisukari kinachoanza ukubwani huku uzito ukipungua bila sababu wakati mwingine huwa dalili ya saratani yenyewe, na daktari anapaswa kuelezwa mapema.

Anayekutana na dai la namna hii anaweza kuuliza: utafiti ulifanywa kwa panya au kwa watu? Waliochunguzwa walipimwa kabla ya kuugua, au baada ya ugonjwa kuwa umekwisha kubadilisha mlo na mmeng'enyo wao? Na, bila kumshuku kila mtu, anayelieneza anauza dawa ya kusafisha utumbo?