Kuongeza kidole kwenye sauti hakuongezi makosa

Nazungumzia programu unazoziamrisha kwa sauti huku ukionyesha kwa kidole kwenye skrini. Juzi tena mteja kaniambia, "sauti yenyewe inakosea, ukiweka na kidole si ndo makosa yatazidi mara mbili?" Jamani. Hili nimelisikia mpaka naweza kummalizia mtu sentensi akiwa bado anavuta pumzi.

Hesabu hiyo ingekuwa sawa kama kila njia, sauti na kidole, ingeamua kivyake. Sasa chukua mtu ana picha kwenye skrini, kazungushia tatu kwa kidole anasema "futa hizi", kelele zipo, kitambua sauti kinaleta "futa hii" namba moja na "futa hizi" namba mbili. Sauti ikiwa peke yake hapo ishapotea. Lakini mduara umeshika picha tatu, na "hii" haiwezi kuwa picha tatu, basi jibu la pili linapanda juu kazi inaisha. Na kinyume chake pia, mduara ukichorwa ovyo ukagusa ukingo wa picha ya nne, mtu akisema "hizi tatu" mambo yashaeleweka. Watafiti akina Sharon Oviatt walishalipima hili tangu miaka ya 1990, sio maneno yangu.

Ila nyie mnaotengeneza programu hizi mnajiharibia wenyewe. Kitambua sauti kinatoa orodha ya majibu, nyie mnabeba la kwanza tu, mengine mnatupa, halafu ndo mnaunganisha na kidole. Hapo mmeunganisha nini? Tunzeni orodha nzima na alama zake za uhakika. Na chagueni njia zinazokosea kwa sababu tofauti, maana kelele haiizibi kamera macho wala giza haliizibi maikrofoni masikio.

Eti watu huongea na kuonyesha kwa pamoja? Sio lazima. Tangu Richard Bolt wa chuo cha MIT, Marekani, atoe ule mfumo wa 1980, unanyoosha mkono huku unasema weka kile pale, kila mtu anadhani ndo hivyo. Wapo wengi wanaoonyesha kwanza, neno linafuata sekunde moja au mbili baadaye, programu ikisubiri nusu sekunde tu inawakata kauli.

Na ile ya kumwambia mtu "isiposikia rudia kwa nguvu, taratibu", hiyo ndo inaua kabisa. Kitambua sauti kimefundishwa maongezi ya kawaida, ukianza "fuu-taa hii-zii" kinachanganyikiwa zaidi. Mtu akishindwa mara mbili mpeni kidole au kibodi, na mi hiyo batani ya kuhamia huko ningeiacha wazi tangu mwanzo, sijui kwa nini mnaificha kwenye menyu.